Kunde Mwitu za Mong'ina Kerubo

Mwanangu, kuna Jumatatu moja naikumbuka kwa sababu ya viatu. Nilivaa raba nyeupe, mpya kabisa, za kwendea kazi ya mashambani, tena wakati wa mvua, tena hapa kwetu Sironga ambako udongo mwekundu ukikushika mguu haukuachi. Mama yangu alinitazama pale mlangoni akaniuliza kama naenda harusini. Nikamjibu kwamba kazi yangu ni ya kalamu, si ya jembe. Basi ujue mapema unamsikiliza mtu wa namna gani, usije ukadhani nilizaliwa na hizi akili ninazokusumbua nazo kila ukija kunisalimia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Chifu akanipeleka kwa mgeni aliyetoka Nairobi, Bwana Salim, mzaliwa wa Lamu, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, msomi wa mimea. Nilidhani msomi kama huyo ataulizia chai, kahawa au pareto, vitu vya maana. Lo! Yeye akaulizia mgagani, ambao sisi twauita chinsaga, na mnavu, na kunde, mboga ambazo tulikuwa tunazichuma nyuma ya jiko bila kuzifikiria hata kidogo. Alikuwa anazunguka nchi kutafuta mbegu za zamani kabla hazijapotea. Kiswahili chake akina mama wetu hawakukijua, na Ekegusii yetu yeye hakuijua, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumtafsiria na kumwandikia. Mtu huyo nikawa mimi, Kwamboka.

Siku ya kwanza nilimwambia kwa kujiamini, "Bwana Salim, kitabu yangu iko tayari."

Hakunicheka. Alisema tu kwa upole, "Kitabu changu kiko tayari, binti. Haya, twende."

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Yule mtu alikuwa akisema Kiswahili kitamu, kinateremka tu, na mimi nilijiona mshamba wa mwisho. Nikajiapia kwamba kuanzia siku hiyo, katika daftari langu halitaingia neno hata moja la Ekegusii. Nilizidisha hata zaidi. Tukifika kwenye boma, mama mzee akinisalimu kwa lugha yetu, mimi namjibu kwa Kiswahili ili Bwana Salim asikie. Mama wa watu ananikodolea macho, hajui nimesema nini. Hebu fikiria! Mtafsiri anayehitaji kutafsiriwa.

Jumatatu hiyo ya raba nyeupe, nyumba yetu ya mwisho ilikuwa ya Mong'ina Kerubo. Mong'ina ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima. Alikuwa mjane, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto, na jirani zake walikuwa wakimtania kwa sababu alilea magugu kwenye ua. Wenzake walikuwa wameng'oa kila kitu wakapanda chai hadi mlangoni. Yeye alibakiza kipande chake cha mboga nyuma ya jiko na hakutaka mtu akiguse.

Bwana Salim aliinama kutazama kunde zake. Zilikuwa zimeliwa vibaya, shina zima jeusi kwa vidukari. Halafu akageuza macho uani, akaona mmea mwingine unatambaa juu ya miti, unafanana na kunde lakini majani yake ni membamba na shina lina manyoya. Hauna kidukari hata mmoja. Yule msomi akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kaki, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Muulize huu ni mmea gani," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mong'ina akasema ni kunde za porini, hazipandwi na mtu, zinaota zenyewe. Alikuja na mzizi wake siku alipoolewa, ameufunga kwenye jani la mgomba, na tangu hapo haukufa. Mwaka wa njaa uliwalisha watoto wake, kwa sababu jua likikausha kila kitu, wenyewe unachipua tu kutoka chini. Maua yake hapa kwake hayaonekani, maana yeye huchuma majani kila siku na hauna nafasi ya kutoa ua.

Bwana Salim alinieleza mambo, na ninayakumbuka vizuri kwa sababu alikuwa ananishika mkono wa sweta anapoongea, kama mtoto anayetaka kuonyeshwa kitu. Alisema katika jamii yote ya kunde aliyoisoma, huu haujui. Huenda hakuna msomi yeyote anayeujua. Lakini kwa majani peke yake hakuna atakayemwamini. Anahitaji ua, anahitaji ganda lenye mbegu, na anahitaji kuuona pale unapoota wenyewe, ambapo hakuna mkono wa mtu uliopanda. Na muda wake ulikuwa mfupi, kwani Jumamosi alfajiri gari lilikuwa lazima lirudi Nairobi. Asipoupata kabla ya hapo, hajui kama ataruhusiwa kuja tena.

"Muulize aliutoa wapi," akasema.

Nikauliza. Mong'ina akajibu. Mvua nayo ikaanza kuanguka, matone makubwa makubwa, Bwana Salim anahangaika kufunika majani yake kwa magazeti, na mimi nawaza raba zangu. Nikaandika haraka: "Aliutoa kwa baba, kwenye ua wa zamani karibu na mto." Nikafunga daftari tukakimbilia Landrova. Sentensi hiyo, mwanangu, ndiyo iliyonitia adabu.

Jumanne tulizunguka nyumba nyingine nyingi, na jioni yake Bwana Salim akaniomba nimsomee niliyoandika. Nikasoma kwa sauti ya kujidai. Akaniuliza babake Mong'ina alikuwa wa wapi. Nikamwambia Keumbu, kila mtu anajua Mong'ina Kerubo alizaliwa Keumbu. Akasema, "Tupite kwake kwanza tumuulize tena, tuhakikishe."

"Hakuna haja, Bwana Salim," nikasema. "Imeandikwa."

Jumatano tukaenda Keumbu. Kaka yake Mong'ina, Mzee Nyamweya, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi pale sokoni, mcheshi kupita kiasi. Alituacha tupekue kila ua wa boma la baba yao, akatupeleka mtoni, akatupeleka kwa majirani. Hakuna kitu. Akasema tangu azaliwe hajaona kunde za porini upande huo, na dada yake labda aliota. Watu wa sokoni waliposikia kuna bwana wa Nairobi anatafuta magugu, jamani, walituletea kila gugu la Keumbu! Mmoja alikuja na mzigo mzima wa majani ya kulisha ng'ombe, akaapa kwamba ni dawa ya mgongo. Bwana Salim aliwashukuru wote na kuangalia kila kimoja. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Nilifika nyumbani jua linaelekea kutua. Maziwa yalikuwa jikoni yanachemka, yanataka kumwagika, na mama yuko kwenye migomba. Nikapaza sauti, "Baba! Baba! Maziwa!"

Mama akaja mbio.

Nikasimama pale na kifuniko mkononi. Wewe uliyekulia mjini huenda hujui, ngoja nikuambie. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mama mzazi twamwita baba, na baba mzazi twamwita tata. Nimesema neno hilo tangu nianze kuongea. Na Mong'ina Kerubo aliponijibu, alisema kwa lugha yake kwamba mmea aliutoa kwa baba, yaani kwao mama yake, kwa wajomba. Mkono wangu ukaliandika neno kama lilivyotoka kinywani mwake. Na mimi, niliyeapa kwamba daftari langu halina Ekegusii, nililisoma kama Kiswahili na kumpeleka mtu Keumbu! Neno moja tu la kwetu liliponyoka likaingia humo, na lilikuwa limevaa nguo za Kiswahili.

Mama akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikasema hapana. Maziwa yakamwagika yote.

Sasa, kosa la kuandika ni kosa dogo. Ningesema asubuhi yake yangekwisha. Na niliamka nikiwa nimeamua kusema, nakuapia. Lakini kabla sijafungua mdomo, Bwana Salim akalichukua daftari, akalipiga piga kwa kiganja, akasema, "Binti Kwamboka, hili ni safi kuliko ya makarani wangu wa ofisini. Nitakuandikia barua ya kukusifu uipeleke chuoni." Nikameza maneno yangu. Alhamisi tangu asubuhi nikamtembeza vilima vya Keumbu, mvua inatunyeshea, nikijua kabisa hatutapata kitu. Anateleza, anainuka, anapangusa miwani. Mchana akaketi juu ya jiwe amechoka, akasema kwa huzuni, "Nadhani yule bibi amechanganya mambo. Uzee una hayo. Pengine aliuokota njiani tu akasahau."

Nami nikasema, "Ndiyo. Amezeeka."

Mwanangu, maneno mawili hayo yananichoma hadi leo. Nimefundisha watoto miaka mingi, nimezika mume, nimeyaona mengi, lakini nikikumbuka nilivyosema "amezeeka" natamani kujizaba kofi.

Tukarudi mapema siku hiyo. Karibu na Sironga tukamwona mtu amesimama katikati ya barabara na kikapu kichwani, ameinua mkono. Alikuwa Mong'ina Kerubo. Habari za Keumbu zilikuwa zimemfikia tangu jana, ndizi za Mzee Nyamweya hazisafiri bila porojo. Jirani zake walikuwa wanamcheka kwamba amemdanganya mtu wa serikali kwa magugu, na wengine wanasema kichwa kimeanza kumtoka. Bwana Salim akasimamisha gari. Mong'ina akaja upande wangu, akashika dirisha kwa mikono miwili. Hakupaza sauti, na mimi nilizoea sauti yake kubwa, kwa hiyo nikaogopa zaidi.

Akaniambia kwa lugha yetu, "Mwambie mgeni wako kichwa changu ni kizima. Mwambie mimi sijawahi kusema uongo juu ya mama yangu, Mungu amrehemu. Mwambie sasa hivi, nisikie."

Bwana Salim akauliza, "Anasema nini?"

Hapo nikawa katikati yao wawili. Huyu ananiangalia, yule ananiangalia, na maneno yako kwangu peke yangu. Ningeweza kusema anakusalimu. Hakuna ambaye angejua. Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka, na mtu anayesema anakusalimu huku analia nani atamwamini? Nikasema, "Anasema hajasema uongo juu ya mama yake. Na ni kweli hajasema. Aliniambia ni kwao mama yake. Sisi mama twamwita baba. Mimi nikaandika baba. Nimejua tangu jana jioni, na leo nimekutembeza kwenye mvua bure."

Bwana Salim akazima gari. Nilihesabu nguzo za ua wa jirani, nikafika tisa. Kisha akauliza polepole, "Baba ni mama?"

"Ndiyo."

"Na baba je?"

"Tata."

Akaweka kichwa juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani na yeye analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akavua miwani. Mong'ina akataka kujua mgeni anacheka nini, na ikanibidi nirudie aibu yangu yote kwa Ekegusii, neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akatua kikapu chini.

"Wee Kwamboka!" akasema, sauti yake kubwa ikarudi. "Mama yangu umemtia ndevu!" Akajipiga mapaja. Watu wawili waliokuwa wanapita na ng'ombe wakasimama kutazama tulivyopatwa na wazimu barabarani.

Alipomaliza kucheka alinishika kidevu, akanigeuza nimtazame. Maneno aliyosema wakati huo nimeyabeba maisha yangu yote, na nakupa kama alivyonipa. "Kosa la neno sina ugomvi nalo. Lile ni lako na kalamu yako. Lakini leo ulipojua ukanyamaza, mimi ndiye niliyelipa. Ulitaka uonekane huna doa, nikaonekana mimi mwongo. Na tena nisikie, msichana: uliponijia nilikusalimu ukanijibu lugha nisiyoijua. Ungekaa ukanisikiliza kwa lugha uliyonyonyea, ungejua nimesema nini." Kisha akanipangusa machozi kwa upande wa kitenge chake, akafungua mlango wa gari mwenyewe na kuingia. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa wajomba wangu. Ni upande wa Itumbe. Mwambie awe na mafuta ya kutosha, na aniwahishe kurudi kabla jua halijatua, maana ndipo Sabato yangu inapoanza, na siivunji kwa ajili ya kunde."

Nikatafsiri. Bwana Salim akajibu kwamba na yeye kesho ni Ijumaa, ana sala yake ya mchana, kwa hiyo wote wawili wana miadi na Mungu na gari litalazimika kukimbia.

Ijumaa, mwanangu, ilikuwa siku ya furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Mong'ina aliketi mbele amevaa kitambaa chake cha kanisani, anaimba nyimbo za kwaya na kumwelekeza Bwana Salim njia kwa kidole. Mimi nyuma na magazeti. Safari hiyo nilivaa viatu vya kaka yangu vya shamba. Barabara ilikuwa mbaya, tukasukuma gari mara mbili, na mara zote mbili Mong'ina alikataa kushuka, akisema mgeni hasukumi na leo mgeni ni yeye.

Tulipokaribia boma la wajomba zake tukaona moshi. Ondieki, mtoto wa mjomba wake, alikuwa na vijana wanafyeka ua wa zamani kando ya mto na kuuchoma, wapate nafasi ya miche ya chai. Sehemu kubwa ilikuwa majivu tayari. Mong'ina alishuka kabla gari halijasimama vizuri. "Ondieki! Acha! Weka panga chini!" Ondieki alidhani kuna msiba, akalitupa panga akashika kichwa.

Nikaanza kumweleza, kwa Ekegusii sasa, tena ile ya ndani kabisa. Akatusikitikia. Akasema mimea ya namna hiyo alikuwa ameiona mingi, ilikuwa imetanda kila mahali, lakini juzi na jana wamefyeka na leo wamechoma. Bwana Salim hakuhitaji nimtafsirie, alisoma usoni kwangu. Akakaa chini. Nami nikahesabu mwenyewe. Alhamisi, ile Alhamisi niliyonyamaza, wangekuwa hawajachoma.

"Imebaki pale kwenye pembe tu," Ondieki akaongeza, anaonyesha bondeni. "Pale pana siafu. Vijana walijaribu wakakimbia."

Jamani! Nani amewahi kuwabariki siafu? Mimi niliwabariki. Bwana Salim aliinuka akakimbia, Mong'ina nyuma yake amekunja kitenge, mimi nyuma ya Mong'ina, na Ondieki nyuma anapiga kelele kwamba siafu si mchezo. Na pale pembeni, juu ya vichaka ambavyo hakuna mtu amewahi kuvipanda, kunde mwitu zilikuwa zimetambaa hadi juu, zimechanua. Ua lake ni la zambarau, ndani manjano kidogo, limejipinda kama sikio la mbuzi. Na maganda yalikuwepo! Mabichi yana manyoya, makavu meusi, ukiligusa linapasuka pa! linajisokota na kurusha mbegu ndogo zenye madoadoa.

Bwana Salim aliingia mzima mzima. Siafu walimpanda hadi kiunoni. Anachuma, anaruka, anachuma, anajipiga, anapiga kelele za furaha na za maumivu pamoja, kwa Kiswahili cha Lamu ambacho hata mimi nusu yake sikukijua. Msomi yule mpole! Vijana wa Ondieki walidhani anacheza ngoma wakaanza kumpigia makofi. Mong'ina alicheka hadi akaketi kwenye majani, na akaketi juu ya siafu, akainuka haraka kuliko msichana. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, nashika magazeti wazi ili aweke maua, na siafu wananila miguu, na sikujali hata kidogo. Niliwahi kufurahi siku ya harusi yangu, niliwahi kufurahi nilipojifungua, lakini furaha ile ya kusamehewa na dunia kwa nafasi moja iliyobaki, hiyo niliipata pale tu.

Tulichimba mzizi mmoja tukaukuta una kiazi chini, kirefu, kitamu. Ondieki akasema walikuwa wakitafuna hicho walipokuwa wachungaji. Bwana Salim akamwomba pembe ile isichomwe. Ondieki akasema kwa ajili ya dada yake ataiacha, na kwa ajili ya siafu pia, maana hana la kuwafanya. Mchana ulipofika, Bwana Salim alitawadha mtoni akaswali juu ya nyasi, na Mong'ina akatukataza sote tusiongee mpaka amalize.

Tulirudi Sironga jua bado liko juu. Nilidhani imekwisha, lakini Bwana Salim akaniomba niwaite jirani za Mong'ina, wale waliomcheka. Wakaja wengi, watu hupenda kuja. Akasimama nyuma ya jiko, mbele ya ule ua, suruali yake imechanika, uso umevimba. Akasema, "Nimekuja kumwomba radhi mama huyu. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, nami nilimdhania amesahau." Nikatafsiri. Akanitazama, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameniachia mwenyewe. Basi nikaendelea kwa Ekegusii, bila kutafsiri maneno ya mtu: nikawaambia mimi ndiye niliyekosea, na nilijua, na nikanyamaza, na Mong'ina akachekwa kwa ajili yangu. Nilipofika kwenye habari ya mama aliyetiwa ndevu watu wakaangua kicheko, na wengine wakaenda kumshika Mong'ina mkono. Yeye akawaambia sasa kila mmoja atachukua mzizi akapande kwake, na aliyecheka zaidi atachukua miwili.

Barua ilikuja baada ya muda mrefu, mimi niko chuoni tayari. Bwana Salim alisema wasomi wa nchi nyingi wameutazama mmea ule, wamekubaliana kwamba ni wa aina yake, ni ndugu wa kunde ambaye hajawahi kuandikwa katika kitabu chochote, na wanataka kujua kwa nini vidukari wanauogopa, ili kunde za wakulima nazo zisaidike. Nilipokuja likizo nilimsomea Mong'ina barua yote kwa Ekegusii, nikiwa nimekaa jikoni kwake. Nilipofika pale pasemapo ni mmea mpya, akanisimamisha.

"Mpya?" akasema. "Mimi niliula kabla sijaota meno. Mama yangu aliula. Mwandikie kwamba mmea si mpya, wapya ni wao. Na mwambie karibuni sana."

Nikamwandikia hivyo hivyo, neno kwa neno.

Haya, mwanangu, sasa sikiliza ninachotaka uondoke nacho. Utakosea. Utakosea kwenye kazi, kwenye ndoa, kwenye maneno, na hakuna atakayekuua kwa kukosea. Lakini siku utakapojua umekosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa. Tazama ni nani anaumia wakati wewe unalinda sifa yako. Mara nyingi ni mtu asiye na kalamu. Na ukienda kwa watu wanaojua kitu, hata kama hawajasoma, kaa chini uwasikilize kwa lugha yao wenyewe, uulize mara ya pili na ya tatu, wala usiione haya lugha hiyo mbele ya mgeni. Mgeni mwema huja kutafuta hicho hicho unachokificha.

Mungu akulinde njiani. Akupe kazi utakayoipenda na watu wa kukukemea kwa upendo ukiwa bado na nguvu za kujirekebisha. Ulimi wako uwe mwepesi kusema ukweli na mwepesi kucheka, na popote utakapoweka mguu, watu wafurahi kwamba umefika. Nenda salama, mwanangu.